Volti Kumi na Majivu ya Tanuri

Siku dada yangu alipozima kipimo changu, mimi nilikuwa sokoni nikitafuta spiriti ya kufutia shaba. Mvua ilinikamata kwenye kibaraza cha muuza mitumba. Nikakaa hapo tangu kabla ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri, nikitazama maji yakipita barabarani na kusikiliza radi ikizunguka juu ya ghuba ya Tungue. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa hata na furaha, jambo ambalo sasa linanitia aibu. Mhandisi wa kukikagua alikuwa anakuja Alhamisi, siku ile ilikuwa Jumanne, na nyumbani kila kitu kilikuwa tayari.

Kipimo chenyewe ni sanduku la chuma la kijivu, zito kama mtoto wa miaka miwili, na umri wake unakaribia wangu. Mbele lina vifungo viwili vya shaba vya kuungia waya, na taa moja nyekundu isiyozidi punje ya mtama. Kazi yake ni moja tu, kutoa volti kumi. Volti kumi za betri asubuhi ziko hivi na jioni vile. Za sanduku hili hazisogei, na zikisogea zinasogea kidogo mno, kwa mwendo unaojulikana, kiasi kwamba mita nyingine zote huletwa mbele yake na kuulizwa: wewe unasema ngapi? Ndani yake mna kitanuri kidogo kinachokaa na joto lile lile mwaka mzima, na humo ndimo volti zinamotoka. Kikipoa, volti zinaweza kurudi tofauti, na hakuna ajuaye zitarudi vipi. Kwa hiyo sanduku halizimwi. Waliolitengeneza wakaweka na ile taa. Umeme ukikatika hata mara moja, taa inazimika, na umeme ukirudi, taa yenyewe hairudi. Inabaki giza ili mgeni yeyote ajue kwamba hapa katikati palikatika.

Nililipata Mtwara. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimepita Pemba ile ya kwetu, si kisiwa, na Nampula na Beira, nimebeba magunia, nimeuza kadi za simu, nimeoa na kuachwa, kisha nikavuka Ruvuma kwa sababu ambayo siikumbuki tena. Labda hapakuwa na sababu. Miguu yangu ilikuwa inawasha. Nyuma ya maghala ya korosho palikuwa na karakana ya mzee mmoja aliyetengeneza mizani na mita za umeme, na mlangoni mwake palinukia risasi ya kuchomelea na chai ya tangawizi. Niliingia kuomba maji nikakaa miaka saba. Hakuna mahali pengine duniani nilipokaa miaka saba mfululizo, na hadi leo nikisikia harufu ya tangawizi nageuka kutafuta meza yangu.

Mzee alikuwa amelinunua sanduku kwenye mnada wa maabara iliyofungwa. Alipolileta lilikuwa limezimika. Aliliunganisha, akalipima kila asubuhi kwa siku tisini, akiliweka dhidi ya sanduku jingine la kuazima, akaandika tofauti kwenye daftari la mistari. Siku ya tisini aliniita. Chini ya taa, akanionyesha, kuna tundu dogo. Alichukua sindano ya kushonea ya mkewe, akaiingiza humo, kikabonyea kitu, na taa ikawaka.

"Umeona ilivyo rahisi?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi ndiyo ubaya wake. Taa hii ni kiapo. Ukiiwasha kabla hujazimaliza siku zako tisini, umeapa uongo, na hakuna atakayekukamata. Mita mia zitapita hapa zikiamini. Mkono wako ukikuwasha, kwanza jipige nao kofi."

Macho yake yalipoharibika alinipa sanduku, daftari na sindano. Nikarudi kwetu Palma nimelipakata, likila umeme wa betri mbili za pikipiki nilizozifunga kwenye kikapu. Watu wa nyumbani walitegemea mtu aliyekaa nje miaka yote ile arudi na mabati au cherehani.

Dada yangu mkubwa alinipa chumba cha nyuma. Nilikifanya maabara kwa vitu vya kuokoteza: meza nzito isiyotikisika, kipimajoto ukutani, makopo ya chokaa ya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi hapa hukaa juu ya kila kitu na kuvujisha volti kama ndoo iliyotoboka. Nilipima saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma bati. Mafundi wa sola walileta mita zao kutoka Olumbi na hata Mbau, kwa sababu betri ikijazwa kwa mita inayosema uongo hufa kabla ya mwaka. Kila nilipotoka chumbani dada alinidhihaki.

"Mkeo ameamkaje?"

"Ameamka salama."

"Volti ngapi?"

"Kumi."

"Ah! Mwanamke gani huyu, kila siku jibu lile lile. Ndiyo maana mmedumu."

Mumewe, shemeji yangu, alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye mikono. Alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake la matofali liko hadi leo nyuma ya nyumba.

Siku mji ulipovamiwa tukakimbia, sitaisimulia yote. Kila nyumba hapa ina yake. Tulikuwa tumeshafika kwenye mikorosho nje ya mji pale shemeji aliposema anarudi mara moja, ameacha moto tanurini na unga uko wazi, nyumba itaungua. Dada alimkataza. Akacheka, akanigeukia mimi.

"Shemeji, twende wawili. Tubebe na gunia la unga. Huko tuendako tutakula nini?"

Nilikuwa nimelipakata sanduku kifuani, limefungwa kwa kanga ya dada, na kikapu cha betri begani. Nikamjibu, "Mikono yangu imejaa."

Akaenda peke yake. Hatukumwona tena.

Dada alikuwa ametangulia hatua chache. Sijui kama alisikia nilichojibu. Sijawahi kumuuliza, na sijawahi kumwambia.

Tulijificha mikokoni siku mbili, kisha tukapata mashua. Ilijaa watu hata pa kuweka goti hapakuwapo, nami nilikataa kulishusha sanduku. Mama mmoja aliyebanana nami aliniuliza kwa sauti ya chini mtoto amefariki lini. Akaniambia nisiogope, wenye mashua ni Waislamu, tukifika atazikwa vizuri. Nikafunua kanga kidogo, akaona taa nyekundu inawaka. Akanipa mgongo, na hakunisemesha mpaka Pemba. Nilimwomba nahodha anichajie betri kwenye paneli yake. Watu wanalilia maji, mimi nalilia umeme. Nikamvulia saa yangu ya mkononi nikampa.

Kwenye kambi ya waliokimbia tulikaa zaidi ya miaka mitatu, hema moja na dada, pazia la gunia katikati. Taa ilikuwa upande wangu lakini mwanga wake ulipita kwenye gunia. Siku moja aliniuliza, "Hii ikizimika unaiwasha vipi?"

"Haiwashwi. Mkono wa mtu hauwezi."

Nilisema hivyo ili watu wa mahema ya jirani wasije wakaichezea. Ilikuwa kauli ya kulinda chombo tu. Lakini dada aliichukua akaenda nayo mbali. Baada ya miezi nilimsikia akimwambia jirani aliyekuwa anasuka naye ukili, "Ile ikiwaka, mume wangu anapumua." Jirani akasema, "Amina." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza.

Watu walimshauri akae eda. Walikuja wanawake wakubwa wakamwambia, mwanangu, miezi minne na siku kumi, ujipumzishe roho, kisha Mungu akufungulie mlango mwingine. Aliwapikia uji, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimkalie eda mtu aliye hai? Akirudi nimwambie nini?"

Barabara ilipofunguka akataka turudi. Nyumba ilikuwa imeng'olewa milango na mabati ya upande mmoja. Dada hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja hadi kwenye tanuri, akachuchumaa, akaondoa bati la mlango lililokuwa limeegemezwa jiwe. Ndani majivu yalikuwa yamekokotwa yote upande wa kushoto, na ule upande wa kulia umefagiliwa, kama alivyokuwa akifanya mumewe kila alipomaliza kazi. Mtu anayekimbia ovyo hakokoti majivu.

"Alifika," dada akasema. "Alizima moto, akafunga. Kisha akatutafuta."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye nyumba ile. Akirudi atarudi hapa, anasema, hajui mahali pengine pa kutukuta.

Lakini mtu hali majivu. Mafundi wa sola walikuwa wametawanyika, mita hazikuja. Nilitengeneza redio, nikachaji simu za watu, nikalima kidogo bila mafanikio. Dada alioka mikate kwenye tanuri lile, unga ukawa haba, akaacha. Tulikula muhogo asubuhi, na jioni hatukuulizana. Nikaanza kufikiria kuondoka, kama nilivyozoea kila mahali panapobana. Tofauti ni kwamba safari hii ningemwacha yeye, au ningemburuta.

Ndipo ikaja ile simu kutoka Pemba. Kampuni inayofunga masanduku ya sola kwenye vijiji vinavyozunguka ghuba ilitaka mtu wa hapa hapa wa kukagua mita zake, maana kuzipeleka kusini kulichukua miezi. Mhandisi wao alikuwa amesikia habari za sanduku langu. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu mimi.

"Taa yake inawaka?"

"Inawaka."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Mtwara. Akasema, "Nitakuja na langu Alhamisi, tulinganishe. Yakikubaliana nakuandikia karatasi, na kazi ni yako mwaka mzima." Nilipomwambia dada, alifuta tanuri kwa kitambaa ndani na nje, tanuri ambalo halikuwa na unga wa kuoka.

Basi Jumanne ile nikarudi kutoka sokoni nimelowa, chupa ya spiriti mfukoni. Kioo cha sebuleni kilikuwa kimefunikwa kanga. Hilo halikunishtua. Kwetu radi ikianza kioo hufunikwa, redio huzimwa, hakuna anayesimama mlangoni wala kugusa maji. Mama alitufunza hivyo, naye alifunzwa na mama yake. Dada alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anashona.

"Pole na mvua," akasema. "Usiogope, nimefunika vyote."

Nilisimama. "Vyote vipi?"

"Vyote. Kioo, redio, na mkeo."

Niliingia chumba cha nyuma. Sanduku lilikuwa limefunikwa kanga nzuri, ile aliyoiweka kwa ajili ya sherehe, imekunjwa pembe kwa pembe. Waya za betri zilikuwa zimechomolewa, zimezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Nikaweka kiganja juu ya chuma. Tangu nilipokabidhiwa sikuwahi kulikuta bila joto. Lilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

"Dada, umefanya nini?"

Akaja mlangoni na sindano yake mkononi. "Radi ilikuwa juu ya paa kabisa. Redio ya kuokota tunazima, huyu tumwache? Si ndiye tunayemtegemea?"

Sikuweza hata kumkaripia. Miaka yote nilimwambia usiguse, usipulize, usiweke kikombe hapa. Sikumwambia hata siku moja asizime, kwa sababu sikuwaza kwamba mtu anayeipenda ile taa kuliko mimi angeizima. Mvua kubwa iliyopita nilikuwa nyumbani, nilikaa nalo mimi mwenyewe. Safari hii alikuwa peke yake, na akalifanyia kile ambacho kitu chochote cha thamani hufanyiwa.

Nilifungua uzi, nikaunganisha waya. Ndani kukaanza kupata joto. Taa haikuwaka. Dada alisubiri, akainama, akaangalia kwa karibu.

"Mbona haiji?"

"Haitakuja."

Alikaa juu ya kopo la chokaa. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Nimemuua," na sikuhitaji kuuliza anamsema nani.

Jumatano nzima hakula. Nami nilikuwa na siku moja ya kufanya kitu kisichofanyika kwa siku moja. Sanduku lilipata joto, volti zikatoka, mita yangu ya tarakimu ikasema kumi, lakini mita ile ilifundishwa na sanduku lile lile. Ilikuwa sawa na kumuuliza mwanafunzi kama mwalimu wake amekosea. Hapakuwa na kitu nyumba nzima cha kuniambia kama limehama. Ningeweza kumpigia mhandisi simu asije. Nilishika simu mara nyingi. Niliona kazi inakwenda kwa mtu mwingine, naona dada anabaki na tanuri lake na mihogo mpaka iishe, naona mimi namvuta mkono kumpakia kwenye gari naye anashikilia mlango. Sikupiga.

Alhamisi alfajiri, nikidhani dada yuko kwenye sala, nilichukua sindano ya mke wa mzee kutoka kwenye jalada la daftari. Niliingiza kwenye tundu. Kikabonyea. Taa ikawaka nyekundu, safi, kama vile hakuna kilichotokea. Sikujipiga kofi. Nilishusha pumzi.

"Kumbe huwashwa na sindano."

Alikuwa nyuma yangu, amevaa vazi la sala. Nikasema ndiyo. Nilidhani atafurahi. Kwa kweli nusu ya sababu niliyojipa ilikuwa hiyo, kwamba nikimwashia taa yake atakula.

"Tangu zamani?"

"Tangu ilipotengenezwa."

"Basi mimi, kule kambini, nilikuwa naangalia nini?"

Nilirudisha sindano kwenye jalada la daftari.

"Izime," akasema.

"Siwezi kuizima bila kukata umeme tena. Nikikata, litapoa tena."

"Kwa hiyo itawaka hivyo hivyo, uongo."

Akatoka. Nikamsikia nje akifagia kwa nguvu mahali palipokwisha kufagiwa.

Mhandisi alifika saa nne, na gari la kampuni lililoingia na msafara wa askari. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, Mmakua, mwenye viatu vya matope na sauti ya mtu aliyeamka mapema. "Bom dia, habari za asubuhi, wenye nyumba! Hodi hodi, nimekuja kumwona bibi harusi." Sanduku lake lilikuwa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda na kuzungushiwa kipande cha godoro. Nilimpenda hapo hapo. Mtu anayelifunga sanduku mkanda na yeye akakaa nyuma ni mtu wa kazi yetu.

Aliinama mbele ya langu. "Ah, inawaka. Safi sana." Akatia alama kwenye fomu.

Tukafanya kazi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya tangu Mtwara. Tulifuta vifungo kwa spiriti yangu. Tukaunganisha chanya kwa chanya kwa waya wa shaba tupu, na kati ya hasi na hasi tukaweka mita ya mshale, ile ya zamani, ili masanduku mawili yasukumane na mshale useme nani anamzidi mwenzake. Tukafunga dirisha. Tukakaa mbali, mikono mapajani, tukisubiri shaba isahau joto la vidole vyetu. Mshale ulikuwa umelala pembeni, ukaanza kurudi polepole, ukatulia karibu na sifuri.

"Maikrovolti sita," akasema. Sehemu sita za milioni ya volti, katika volti kumi. Alisoma mara kumi, akageuza waya, akasoma tena. Sita, tano, sita. Akavua miwani. "Sanduku limekimbizwa vitani, limekaa hemani, na linatofautiana na langu kwa sita. Kaka, wewe ni mchawi?"

Maana yake halikuhama. Lilipoa, likapata joto, likarudi pale pale. Ningeweza kunyamaza na kila nilichosema kingekuwa kweli, ila taa. Alitoa karatasi, akafungua kalamu. Dada alikuwa ameingia na chai. Sijui sukari aliitoa wapi. Aliweka sinia akasimama. Hakuniangalia mimi, aliangalia ile taa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemtazama jirani aliyemwibia.

"Usiandike," nikasema.

Nilimweleza mhandisi: radi, kanga, waya, sindano. Alisikiliza kalamu ikiwa hewani. Alipoongea hakuwa na upole.

"Ulijua tangu Jumanne."

"Ndiyo."

"Nimepanga foleni ya msafara siku mbili. Ungenipigia."

"Ndiyo, senyora."

"Unajua siwezi kuandika. Hii sita ni ya leo. Kesho linaweza kuwa linatembea, wewe hujui, mimi sijui. Ningeandika mwaka mzima juu ya asubuhi moja." Akaifunga kalamu. Alipomaliza chai yake alikuwa amepoa kidogo. "Siku tisini. Kila asubuhi, saa ile ile, bila kukatika. Nakuachia mita hii ya tarakimu, ni ya kampuni na imekaguliwa, itakuonyesha likihama. Nikirudi na sanduku langu, na kama kazi bado ipo, tutaongea. Siahidi."

Alipoondoka dada alikusanya vikombe.

"Ungenyamaza tungekaa," akasema.

"Najua."

"Siku tisini tutakula nini?"

"Sijui."

Aliosha vikombe vyote, akavipanga. "Nenda wewe. Kuondoka unajua. Mimi nifundishe kusoma hiyo mita."

Dada amesoma chuo cha Kurani tu, lakini tarakimu anazijua kwa kuuza mikate. Nilimfundisha siku nne. Kushika waya kwa kitambaa, si kwa mkono. Kusubiri. Kusoma namba zote, hata zile za mwisho zinazochezacheza, kuandika ile inayokaa zaidi. Kubadilisha betri moja baada ya nyingine bila kuliacha sanduku na njaa. Siku ya tano nilipanda gari la kwenda Pemba, na hapa niko, kwenye karakana ya majenereta, nalala juu ya maboksi. Natuma unga na pesa kidogo kwa madereva. Kila asubuhi saa moja simu inalia na dada ananisomea namba, moja moja, kama anayehesabu watoto wakiingia ndani. Nami naandika kwenye daftari langu. Hapo tu ndipo ninapojua kwamba yuko. Namba mpaka sasa zimekaa vizuri. Tukimaliza kusoma namba huwa hatuna mengi ya kusema. Mara moja tu aliniuliza, "Yule shemeji yako, siku ile, alikuomba kitu?" Mtandao ulikuwa mbaya. Nilijifanya sikusikia.

Jana, siku ya sabini na moja, alisoma tarakimu tatu za kwanza nikasikia ngurumo nyuma ya sauti yake.

"Dada, hiyo ni radi?"

"Ndiyo. Tulia niandike."

"Iko karibu?"

"Imepita juu ya msikiti."

Nikaona chumba kile chote: paneli juu ya bati, waya unaoshuka kutoka kwenye paneli mpaka kwenye betri, kutoka kwenye betri mpaka kwenye sanduku, na yeye ameinama juu yake na simu sikioni.

"Chomoa," nikasema. "Dada, chomoa waya utoke humo. Sasa hivi."

"Nichomoe?"

"Chomoa! Ni chuma tu kile. Tutaanza upya."

"Zimebaki siku kumi na tisa," akasema. Alisema taratibu, kama anavyowasemesha wanaomshauri kukaa eda. "Kioo nimefunika. Redio nimezima. Huyu simgusi." Na akaendelea kusoma pale alipoachia: tisa, tisa, nane, moja. Ngurumo ikalia tena na simu ikakatika.

Nimepiga tangu jana. Dereva aliyeingia jioni amesema mnara wa Palma umelala kwa sababu ya mvua, mji mzima hauna mtandao, na huenda ni hilo tu. Tarakimu alizonipa nimeziandika kwenye mstari wa sabini na moja, na mstari wa chini yake nimeuachia nafasi. Saa moja inakaribia. Karakana wameanza kuwasha majenereta, nimewaomba wasubiri kidogo ili nisikie simu.